Chaki Niliishika Mimi

Ndugu msomaji, safari hii sina wa kumtupia jiwe ila sisi wenyewe. Nasema sisi vijana tunaojiita waandishi chipukizi, tunaotembea na madaftari kwapani, tunaolalamika kila kikao kwamba Kiswahili kinadharauliwa na wakubwa. Nimekuja kumtaja mtu mmoja aliyekidharau. Nilikuwepo, nilimwona kwa macho yangu. Mtu huyo ni mimi.

Mambo yalitokea Tanga, mtaa wa Chumbageni, kwenye baa ndogo isiyo na mlinzi mlangoni wala taa za rangi. Meza sita, feni moja, kaunta ya mbao. Mwenyewe ni dada mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kaunta za hoteli Arusha, kisha akarudi kwao na akiba kidogo na kopo la bati la kutikisia vinywaji. Bia anauza kama wenzake, lakini kinachovuta watu ni kokteli anazochanganya mwenyewe. Naam, kokteli, uswahilini, kwa bei ya uswahilini.

Tulifika wanne, tumetoka kusomeana hadithi zetu. Ukutani palikuwa na ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki, Kiswahili kitupu. Nayakumbuka majina matatu. Raskazone: konyagi, maji ya dafu na ndimu. Treni ya Moshi: konyagi, kahawa nzito iliyopoa, na iliki kutoka Amani. La tatu ni Binamu wa Mkonge: tekila, ndimu, na chumvi kwenye mdomo wa glasi.

Mwenzetu mmoja, ambaye tangu arudi Dar hakuna kinachomtosha, alicheka mpaka akapaliwa. "Binamu wa nini? Dada, hiyo si Margarita hiyo? We tuletee Margarita bwana, mambo ya shamba ya nini?" Tukacheka wote. Dada naye akacheka, kile kicheko cha mtu anayelinda biashara yake.

Meza ya pembeni alikaa mzee mmoja. Tulipomwamkia aliitikia marahaba, halafu akasema, "Wanangu, dada yenu hajakosea. Mmea unaotoa pombe hiyo na mkonge wetu ni ukoo mmoja." Akaanza kusimulia. Baba yake aliletwa mashambani kutoka Songea akiwa manamba. Yeye mwenyewe alianza kukata mkonge akiwa kijana, baadaye akahamia korona, kwenye mtambo unaokwangua majani mpaka zibaki singa. Tulimwitikia "ndiyo mzee, ndiyo mzee" huku tukigeuza viti vyetu taratibu. Tulikuwa na mazungumzo ya maana zaidi: tulikuwa tunajadili kwa nini fasihi yetu haina visa vipya!

Kisha mimi, kwa wema wangu wote, nikaenda kaunta. Nikamwambia, "Dada, ushauri tu. Andika majina ya kimataifa, wateja watakuheshimu." Akasema Kiingereza chake cha kuandika si kizuri. Nikamwambia hiyo si shida, lete chaki. Nikafuta ubao kwa kiganja. Nikaandika upya, Kiingereza safi, herufi za kupendeza. Wenzangu wakanipigia makofi.

Sasa tuulizane: nani alikuwa mshamba pale?

Mzee alisema kweli. Mkonge haukuumbwa Tanga. Asili yake ni Meksiko, na mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche yake kutoka Florida. Iliyofika hai, wanasema, ni 62 tu. Kutokana na hiyo michache yakaota mashamba yaliyoujaza mkoa mzima, hata mwaka 1964 Tanganyika ikatoa tani zipatazo 230,000 za singa, ikawa ya kwanza duniani. Tekila nayo inatokana na mmea wa jamii hiyohiyo ya agave, hukohuko Meksiko. Kwa hiyo dada yule, ambaye hajawahi kuhudhuria kikao chetu hata kimoja, aliweka Meksiko, Mjerumani, reli, bandari na jasho la manamba katika maneno matatu ya chaki. Mimi nimeandika hadithi kumi na moja na sijawahi kufika hapo. Nikayafuta kwa kiganja.

Na hayo majina ya kimataifa ni nini? Tequila ni mji, uko Meksiko. Cognac ni mji wa Ufaransa, na ndilo neno tulilolipikapika sisi hadi likawa konyagi. Daiquiri ni kijiji cha pwani karibu na Santiago de Cuba, palipokuwa na migodi ya chuma. Margarita ni jina la mwanamke. Caipirinha ya Brazili inatokana na neno caipira, yaani mtu wa shamba. Ukiitafsiri unapata "kashamba". Umeona basi? Kila jina tunalolitamka kwa kubinua midomo ni jina la mtaa wa mtu. Wenyewe hawakuona haya kuita kinywaji jina la kijiji chao. Raskazone ina kasoro gani ambayo Daiquiri haina?

Nilirudi baada ya miezi miwili. Ubao wa chaki haupo. Dada amemlipa mchora mabango, akayanakili maandishi yangu yote kwa rangi ya mafuta, hata mkato wa herufi zangu ameuiga. Nikaona fahari, nakiri. Akanikaribisha vizuri, akaniwekea soda ya bure, halafu akainama kwenye kaunta akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mdogo wangu, hili la tatu linatamkwaje? Maana mteja akiniuliza maana yake, mimi namwambiaje?"

Sikuwa na jibu. Zamani mteja akiuliza, dada alikuwa na habari ya kumpa. Binamu wa Mkonge lilikuwa linaanzisha mazungumzo, na mzee kama yule analidaka anaendelea. Siku hiyo mzee alikuwepo, meza ileile. Aliutazama ubao, akaagiza bia, akanywa, akaondoka. Hakuna aliyemuuliza kitu na yeye hakusema kitu.

Baba yake aliitwa manamba, neno lililotokana na namba, kwa sababu shambani mtu alikuwa namba. Mtoto wa mtu huyo aliposikia kazi ya ukoo wake ikitajwa kwa jina hadharani, walau kwenye ubao wa baa, akafungua kinywa. Sisi waandishi tukamfunga.

Najua majibu yenu, maana yalikuwa yangu. Mtasema Kiingereza ndiyo biashara, wageni wataelewaje? Kwanza, Chumbageni pale mgeni gani? Wateja ni mafundi, walimu, makuli wa bandarini na sisi. Pili, hata huyo mgeni tusimsingizie. Kokteli ya kwetu iliyovuma kuliko zote inaitwa dawa: vodka, ndimu na asali, na kijiti cha kukorogea. Ilipata umaarufu Nairobi, kwenye mgahawa wa Carnivore uliofunguliwa 1980, na ni ndugu wa Caipirinha hiyohiyo. Watalii wameinywa miaka yote hii wakisema "dawa, dawa", na hakuna aliyekufa kwa kukosa tafsiri.

Mwingine atasema pombe si jambo la kuandikiwa kwenye jarida la fasihi. Simlazimishi mtu kunywa, na asiyekunywa ana heshima yangu. Mimi mwenyewe siku ya pili nilikunywa soda. Lakini muuza kanga anajua kwamba kanga ina jina lake, na watu huitafuta kwa jina hilo. Hata daladala hubandikwa jina. Mtaani kitu hupewa jina ndipo kikaingia kwenye maneno ya watu, na ndiko waandishi tunakookota. Tukiwatia aibu wanaotoa majina, tutaandika kwa kutumia nini?

Tunapenda kujinadi kwamba tunatoka mkoa wa Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909. Tunalitaja jina lake kama kitambulisho cha kuingilia ukumbini. Mtu akisimama hapo karibu na kuita kitu kwa Kiswahili chenye akili, tunamcheka. Urithi gani huo?

Basi natoa hoja, na naitoa kwa maandishi ili isikimbiwe. Mfuko wa kikao chetu una fedha tulizochanga kwa ajili ya fulana, tena fulana zenye Kiingereza kifuani. Fulana zisubiri. Fedha hizo zikamlipe mchora mabango, ubao urudi ulivyokuwa, na majina ayataje dada mwenyewe. Kalamu zetu zikae mfukoni. Kikao kijacho tukifanyie palepale. Mzee akiwepo, viti vielekezwe kwake, na mwenye daftari alifungue akishaombwa ruhusa.

Anayepinga aandike toleo lijalo. Namsubiri.