Nyama kidogo, bakuli la kila mtu

Juma hili tunachungulia jiko la mbali, kule Japani, kwa sababu tumeona jambo linalotuhusu sisi tunaonunua nusu kilo ya nyama kwa watu wanane.

Wajapani wana chakula kinachoitwa gyudon. Ni bakuli la wali lenye nyama ya ng'ombe juu yake. Nyama inakatwa vipande vyembamba sana, inapikwa na vitunguu katika mchuzi wa soya, sukari, mvinyo mtamu wa mchele na supu ya samaki mkavu. Kisha inamwagwa pamoja na mchuzi wake juu ya wali wa moto. Pembeni wanaweka tangawizi nyekundu iliyolowekwa.

Zamani Wajapani wengi hawakula nyama ya ng'ombe. Ni katika miaka ya 1870, wakati wa mfalme Meiji, ndipo walianza kuizoea. Mwaka 1899 Eikichi Matsuda alifungua mkahawa wa Yoshinoya katika soko la samaki la Nihonbashi, Tokyo. Wateja wake walikuwa watu wa soko, wasio na muda wa kungoja. Mwaka 2004, baada ya nyama ya Marekani kuzuiwa kwa sababu ya ugonjwa wa ng'ombe, Yoshinoya iliacha kuuza gyudon. Iliporudi kwa siku moja tu, Februari 2005, watu walipanga mistari mirefu.

Kwa nini wanaipenda hivyo? Ni tamu, bei yake ni nafuu, inaiva haraka. Lakini sisi tunaona pia ugawaji wake. Nyumbani kwetu vipande vikubwa huenda kwa baba na wageni. Watoto wanabaki na mchuzi, na mama anakwangua sufuria. Nyama ikikatwa nyembamba, hakuna kipande kikubwa cha kugombania. Kila bakuli linapata sehemu yake, hata la mtoto mdogo, hata la mama mwenye mimba, nao ndio wanaihitaji zaidi.

Tunaweza kujaribu hivi. Noa kisu vizuri, kata nyama kwa kuvuka nyuzi zake. Chemsha vitunguu vitatu au vine katika maji kidogo, chumvi, tangawizi, kijiko cha sukari, na mchuzi wa soya kama upo. Vitunguu vikilainika, tia nyama, uache iive kabisa mpaka wekundu uishe. Kwa kuwa ni nyembamba haikawii, na makala yanabaki. Mchele wa Bonde la Ruzizi unafaa sana.

Kule wengine huongeza yai bichi juu. Sisi tusiwape watoto wala wenye mimba yai bichi, tulichemshe.

Mama, jioni ya leo pakua mabakuli yote kwanza, na lako likiwemo. Kisha ndipo uite watu mezani.