Rosa Hakuharibika

Katika mafunzo na mihtasari ya Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, kuna sentensi isiyokosekana: "Rosa aliharibika." Nimeisoma katika madaftari ya wanafunzi miaka yote niliyofundisha sekondari, nikaisikia katika vyumba vya walimu, na sasa nimestaafu hapa Karatu naikuta katika mihtasari inayosambazwa kwa simu. Nashika kalamu kuipinga. Ni sentensi ya uvivu, na uvivu wake unaanzia kwenye kitenzi.

Wapenzi wa lugha mnaijua kauli ya kutendeka. Kikombe kimevunjika, nguo imechanika, maziwa yamemwagika. Kauli hii hutaja hali iliyofikiwa na kumwacha mtendaji nje ya sentensi. Kwa kikombe haina ubaya. Lakini tukisema msichana ameharibika, tumekwisha kuamua kwamba hakuna aliyemharibu. Dada yake ni "alipata mimba", kana kwamba mimba hupatikana kama mafua, kwa kupigwa na baridi.

Turudi kitabuni tuwatafute watendaji. Wa kwanza ni Zakaria, baba mlevi wa Ukerewe. Anampiga bintiye bila huruma kwa sababu ya barua ya Charles, kisha fedha zilizokuwa ndani ya barua hiyohiyo anazinywea pombe. Rosa analelewa kwa fimbo bila kufundishwa neno lolote kuhusu wanaume, na anapofika sekondari Mwanza, mbali na fimbo hiyo, hana silaha nyingine. Wa pili ni mkuu wa chuo cha ualimu kule Morogoro, mtu aliyekabidhiwa mabinti wa watu awafanye walimu, naye anamfanya Rosa hawara. Mimi pia nilipitia chuo cha ualimu, na huyu ndiye mhusika anayenikera kuliko wote. Katika karatasi zote za mtihani nilizosahihisha, sikuona swali hata moja lililowataka wanafunzi wamjadili.

Wa tatu ni Charles, na hapa najua nitawaudhi wengi. Wahakiki humwonea huruma: kijana mwaminifu, mpenzi wa tangu utotoni, aliyevunjwa moyo. Lakini Charles alimpenda nani? Alimpenda msichana wa ile barua, picha aliyoitunza mwenyewe kichwani. Mwanamke aliyekuja kumposa baadaye alikuwa mtu mzima mwenye kazi yake, majuto yake na nia ya kuishi upya. Huyo Charles hakumtaka kumjua. Alipima jambo moja tu la mwili wake, akalikosa, akaondoka. Na Rosa akajiua. Lugha yetu yenyewe inamsaidia Charles. Kwa mwanamke tuna kigori, tuna mwanamwali, tuna bikira. Litafuteni mtaani neno la kumpima mwanamume vivyo hivyo, mniletee. Mizani ya Charles ina sahani moja.

Nitajibiwa kwamba Rosa alikuwa na hiari yake, wala hakuburutwa kila mahali. Naam, kweli. Basi andikeni kwamba Rosa alitenda, na mtaje alichotenda. Andikeni pia kwamba Rosa alitendwa, na mtaje nani alimtenda. Kauli zote mbili ni za haki kwake, kwa kuwa zinamhesabu kuwa mtu. Ninayoikataa ni ile ya tatu inayomweka kundi moja na kikombe.

Sidhani kwamba Kezilahabi mwenyewe aliitaka. Rosa Mistika, yaani Waridi la Fumbo, ni jina mojawapo la Bikira Maria katika litania ya Kanisa Katoliki. Mwandishi anayempa msichana huyu jina hilo anatulazimisha tuulize usafi ni nini, na nani amepewa mamlaka ya kuupima. Riwaya hii iliwahi kuzuiwa shuleni kwa sababu ya mambo ya mwili yaliyomo. Iliporudi, sisi walimu tuliizuia kwa njia nyingine: tuliigeuza mahubiri kwa wasichana, wavulana wakakaa madawati ya nyuma wakicheka.

Jambo hili halikomei vitabuni. Zamani, miongoni mwa Wairaqw wa huku kwetu, msichana aliyeshika mimba kabla ya ndoa alitolewa nyumbani kwa wazazi wake. Serikali nayo kwa miaka mingi ilimtoa shuleni, hadi Novemba 2021 ilipotangaza kwamba aliyejifungua aruhusiwe kurudi katika mfumo rasmi wa masomo. Mlango umefunguliwa. Lakini msichana wa Mang'ola au Endulen aliyemwacha mtoto kwa bibi, akarudi kwenye dawati lake, akafungua mhtasari na kukutana na "Rosa aliharibika", ataelewa mara moja kwamba anasemwa yeye.

Walimu wenzangu mlio bado kazini, nawaomba zoezi moja la dakika kumi. Iandikeni sentensi hiyo ubaoni. Waambieni wanafunzi, wavulana kwa wasichana, waigeuze iwe kauli ya kutenda, na kila mmoja aandike kiima chake. Atakayekosa kiima arudi kusoma kitabu.