Karata Ituulize, Isituamulie

Ningependa tulijadili jambo ambalo wengi wetu hulifanya kisirisiri, hasa sisi tunaoishi katika hizi esteti za Eastlands. Jambo lenyewe ni kutaka kujua wiki inayokuja imetubebea nini.

Usiniambie hulijui. Pita Jogoo Road, au uende Kayole, Umoja na Kariobangi, uangalie nguzo za stima. Utaona makaratasi ya waganga wanaoahidi kurudisha mpenzi, kushika mwizi, kufungua biashara na hata kufaulisha mtihani. Wazazi wetu nao walikuwa na safu za nyota gazetini, na wengi wao wanamkumbuka Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, mnajimu aliyevuma Afrika Mashariki nzima hadi alipofariki 2011. Sisi kizazi cha simu tumejipatia yetu. Jumapili jioni msee anafungua TikTok, anamwona dada fulani wa ng'ambo akichanganya karata za taroti. Dada anatoa moja na kusema kwamba kama video imekufikia, basi ujumbe ni wako. Jumatatu darasani utasikia, "Manze, hii wiki si yangu. Karata imekataa."

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Maoni yangu ni haya: kuketi mara moja kwa wiki na kujiuliza maisha yako yanaelekea wapi ni tabia nzuri, tena ni wachache walio nayo. Lakini ukishauliza swali, jibu ni lako kulitafuta. Iwe ni karata, iwe ni nyota, ituulize tu, isituamulie.

Kwanza tuijue hii taroti yenyewe. Seti moja ina karata 78. Kubwa ni 22, zenye picha kama vile Mpumbavu, Mnara na Gurudumu la Bahati. Ndogo ni 56, nazo zimegawanywa mafungu manne, kama hizi zetu za kopa, uru, shupaza na pau. Zilianzia kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na kazi yake ilikuwa mchezo tu, sawa na wazee wa mtaa wanavyopiga karata jioni wakingoja chakula. Kisha 1781 Mfaransa Antoine Court de Gébelin akaandika kwamba picha zile ni siri za makuhani wa Misri ya kale. Ajabu ni kwamba wakati huo hakuna mtu aliyeweza kuyasoma maandishi ya Misri ya kale. Mfaransa mwenzake, Champollion, ndiye aliyeyafumbua, tena 1822. Sasa huyo bwana wa kwanza siri hizo alizisoma wapi?

Wala tusicheke Wazungu peke yao. Sisi tuna ramli, ambayo jina lake latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mchanga. Mpiga ramli huchora nukta, akapata maumbo 16, kila umbo likiwa na mistari minne ya nukta moja au mbili. Mwalimu wa hisabati atakwambia hesabu hiyo ni sahihi kabisa: mbili mara mbili, mara mbili, mara mbili. Lakini hesabu kuwa sahihi hakumfanyi mpigaji amjue aliyeiba viatu vyako.

"Mbona basi yanaingiana na maisha yangu?" utaniuliza. Swali zuri. Mwaka 1948 huko Marekani, mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia, kisha akampa kila mmoja maelezo yaliyodaiwa kuwa yake binafsi. Wakaulizwa maelezo hayo ni ya kweli kiasi gani. Wastani wa alama walizotoa ulikuwa 4.26 kwa 5. Kumbe wote walikuwa wamepewa maneno yaleyale, na mengi ya maneno hayo Forer aliyatoa kwenye kitabu cha unajimu! Jaribu mwenyewe. Mwambie mtu yeyote katika foleni ya chakula, "Unacheka na watu lakini ndani una jambo linalokusumbua." Nani atakataa?

Kama ingekuwa mchezo tu, nisingepoteza wino wangu. Lakini kuna watu wanaumia. Katika ploti tunayoishi, jirani yetu mmoja aliibiwa mtungi wa gesi. Alikuwa na haki ya kukasirika, kwani gesi si mandazi. Akaenda kwa mpiga ramli, akalipa, akaambiwa kuwa mwizi ni mwanamke, ni mfupi, tena ni wa karibu. Mpenzi msomaji, ni nyumba gani Eastlands isiyo na mwanamke mfupi wa karibu? Msichana wake wa kazi alikuwa mfupi. Jioni ileile alifukuzwa, hata mshahara wa mwezi hakupewa. Mwezi uliofuata mitungi mingine ikaibwa katika ploti hiyohiyo, naye msichana yuko kwao zamani. Hakuna aliyempigia simu kumwomba radhi. Mpiga ramli naye hakurudisha hata senti.

Na hapa shuleni je? Kidato cha nne, mnisikilize. Mtu akiambiwa kuwa wiki ya mtihani ni ya mkosi, atasoma kwa moyo gani? Akiambiwa nyota yake inang'aa, atasoma kwa nini? Kwa vyovyote vile kitabu kitafungwa, na KCSE haimuulizi mtu kama yeye ni Nge au ni Mizani.

Hata hivyo, haki huenda pande mbili, na nimeahidi kusema pia uzuri. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anauza mitumba Gikomba. Kila Jumapili usiku yeye hufungua karata moja kwenye simu, kisha huchukua daftari. Wiki moja ilimtokea karata ya Mnara: jengo limepigwa radi, linawaka moto, watu wanaanguka. Nyote mnajua Gikomba ni soko lililoungua mara nyingi. Mwingine angejifungia nyumbani wiki nzima. Yeye aliandika swali moja: "Ni kitu gani changu kikianguka leo nitaanguka nacho?" Akajijibu kwamba mali yake yote imo katika kibanda kimoja, wala hana akiba. Kesho yake akahamisha robota moja nyumbani, na mwisho wa mwezi akajiunga na chama cha kuweka pesa.

Je, karata ilijua lolote? Haikujua. Yeye ndiye aliyejua, tena tangu zamani, ila hakuwahi kukaa chini akajiuliza. Tena tazama tofauti yake na yule jirani. Jirani alitaka kujua habari za mtu mwingine. Dada alijiuliza habari zake mwenyewe. Jirani alilipa, dada hakulipa. Jirani alipewa jina la kulaumu; dada alijipa kazi ya kufanya. Zaidi ya hayo, dada huandika, na Jumapili inayofuata husoma alichoandika ili aone kama alikitenda. Ukiwa utaendelea na karata zako, basi angalau zipime kwa vipimo hivyo.

Najua wenzangu wa Muungano wa Wakristo na wale wa Jumuiya ya Waislamu wameshaanza kununa. Wana haki. Kumbukumbu la Torati 18:10 linakataza uaguzi, na Kurani 5:90 inakemea kupiga ramli. Sitaki mtu aende kinyume na imani yake kwa sababu ya makala yangu. Ndiyo maana nina pendekezo ambalo halitamkwaza yeyote, tena linatufaa sisi wapenzi wa Kiswahili kuliko watu wote.

Mwaka una wiki 52. Seti ya karata za kawaida nayo ina karata 52. Basi chama chetu kiandike methali 52 kwenye vipande vya karatasi, kivitie ndani ya kopo. Kila Ijumaa mwanachama atoe kipande kimoja mbele ya wote, na kila mtu aandike katika daftari lake mambo mawili: methali hii inaniuliza nini, na nitafanya nini kabla ya Ijumaa ijayo. Daftari ni la siri. Halisahihishwi, halisomwi na kiranja.

Kwa nini methali? Kwa sababu methali zetu hupingana waziwazi. Moja inakwambia haraka haraka haina baraka; nyingine inakwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Moja inasema mtegemea cha nduguye hufa maskini; nyingine inasema mkono mmoja haulei mwana. Ukizitaka zikuamulie, utachanganyikiwa. Wahenga walituachia zote makusudi, ili kila mtu aipime hali yake, aone ni ipi inayomhusu leo. Kijana anayekimbilia kuacha shule aende kubeba abiria kwenye matatu atahitaji ile ya kwanza. Yule anayesema ataanza kusoma muhula ujao atahitaji ile ya pili. Kopo haliwezi kujua wewe ni nani kati ya hao wawili. Unajua wewe.

Namwomba mlezi wa chama na mwenyekiti walifikirie jambo hili muhula ujao. Gharama yake ni kopo tupu la Kimbo na karatasi chache, na kopo niko tayari kulitoa nyumbani.

Ninapoweka kalamu chini, nawakumbusha kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Basi asubuhi ya Jumatatu, kabla hujaitafuta nyota hiyo kwenye simu, jiulize umeamka saa ngapi. Alamsiki.