Walipita Zahanati Kwanza

Mwandishi mmoja aliyesema kuwa anayejiua "hafiki hospitali, hufa na siri yake" amekosea, na kosa lake ni la hatari kwa sababu linatuondolea wajibu. Wanafika. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulifuatilia watu 5,894 waliojiua: asilimia 83 walikuwa wamehudumiwa na watoa tiba ndani ya mwaka wao wa mwisho. Karibu nusu ya wote hawakuwa na rekodi yoyote ya ugonjwa wa akili.

Sasa tuje kwetu Tanzania, Matombo mkoani Morogoro. Mzee anateremka mlimani tangu alfajiri, anakaa kwenye benchi la zahanati, daftari lake limekunjwa mfukoni. Akiulizwa anaumwa nini, hasemi amechoka kuishi. Anasema kichwa, mgongo, usingizi hauji. Daftari linaandikwa panado, na wa nyuma yake anaitwa. Simlaumu mganga mwenye foleni hadi mlangoni, lakini swali moja lilikosekana: "Shikamoo mzee wangu. Kuna siku unaona ni heri usiwepo?" Kuuliza hivyo hakumpandikizii mtu wazo la kufa, humpa ruhusa ya kusema.

Na atasemaje wazi, ilhali kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu? Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kifungu kama hicho kuwa kinyume cha Katiba. Chetu nacho kifutwe.