Mbacha wa petroli, msala wa umeme

Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Msomaji, ukimwendea nahodha wa Amu ukamwambia auze injini yake ya petroli anunue ya umeme, usishangae akikujibu kwa methali hiyo. Wengi wetu wa mijini tutamcheka na kumwita mtu wa zamani. Hebu kwanza tuipime shaka yake.

Jambo la kwanza ni uzito. Kilo moja ya petroli ina nishati ya kilowati-saa 12 hivi. Kilo moja ya betri ya lithiamu haina hata theluthi ya kilowati-saa moja. Kweli, injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nishati yake kwa joto, na mota ya umeme hupoteza kidogo tu. Lakini hata baada ya hesabu hiyo, betri itakuwa nzito zaidi ya mara 10 kwa mwendo uleule. Mvuvi anayekwenda mpaka Kiwayu na kurudi na barafu na samaki, uzito huo atauweka wapi?

Pili, umeme wenyewe. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani. Mwenye dumu la petroli nyumbani angeweza kwenda baharini. Mwenye betri tupu angengoja.

Tatu, umeme huo unatoka wapi? Lamu inalijua swali hili vizuri. Kulikuwa na mpango wa kujenga Kwasasi, bara, mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Wakazi walipinga, na tarehe 26 Juni 2019 Mahakama Maalumu ya Mazingira ikaifuta leseni, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mtambo huo ungejengwa, mashua ya umeme ingekuwa inakwenda kwa makaa, na moshi ungekuwa umehama tu kutoka baharini kwenda bara.

Je, nahodha ameshinda? La hasha. Umeme mwingi wa Kenya siku hizi hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana na upepo wa Ziwa Turkana, si makaa. Na si kila safari ni ya Kiwayu. Mashua za abiria baina ya Amu na Shela, au Amu na Mokowe, huenda mwendo mfupi na kurudi gatini mara nyingi kwa siku. Hapo uzito si taabu kubwa, betri inaweza kujazwa kila zinapongoja abiria, na paneli za jua zikisaidia siku waya wa taifa unapokatika.

Kwa hiyo, msomaji, shaka ya nahodha isitumiwe kuzuia kila kitu, wala isipuuzwe. Akija mtu na injini mpya, aulizwe: ni ya safari gani? Nani ataitengeneza hapahapa kisiwani ikiharibiwa na chumvi? Betri ikichoka, nani atalipia nyingine, na ile kuukuu itatupwa wapi? Asiyeweza kujibu, msala wake na upite. Anayejibu, apewe njia ya Shela kwanza. Mvuvi wa Kiwayu asilazimishwe kufanyia majaribio riziki ya wanawe.