Adui wa Fundi si Kompyuta, ni Kufuli

Ukikaa gereji yoyote kwa nusu saa utasikia hukumu ileile: magari ya siku hizi yameharibiwa na kompyuta. Eti gari lilikuwa gari enzi za kabureta, ukifungua boneti unaona kila kitu, na ukiwa na spana, bisibisi na kipande cha waya unafika nyumbani. Kazi yangu ni kuandika programu, kwa hiyo mtanivumilia nikisema kwamba hukumu hiyo si ya haki. Aliyeshtakiwa siye mwenye kosa. Kompyuta haijamkosea mtu. Mwenye kosa ni yule anayeitia kufuli, anakuuzia gari, halafu anabaki na ufunguo.

Hebu tuanze na yale magari ya zamani tunayoyasifu.

Siri ya Joginder

Safari Rally ilianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hazikuwa njia za mbio. Zilikuwa barabara zetu hizihizi, na kwa kuwa mashindano yalifanyika wakati wa Pasaka, matope yalikuwa sehemu ya mchezo. Mwaka 1963 ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Mwaka 1968, tena saba tu. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404, aina ya gari ambalo mtu angeweza kulinunua dukani.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha mwaka 1965. Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544, na gari lenyewe lilikuwa la mtumba! Lilikuwa limeshashiriki Safari ya 1964 mikononi mwa timu ya kiwanda, halikufua dafu. Joginder alikuwa fundi kabla hajawa bingwa. Alilichukua lile gari la watu, akalitengeneza, akashinda nalo. Baadaye akashinda tena mwaka 1974 na 1976, safari hizo kwa Mitsubishi Lancer.

Wapenda magari wakisimulia habari hizi, au wakizungumzia Datsun 240Z iliyoshinda 1971 na Edgar Herrmann na 1973 na Shekhar Mehta, husema: "Unaona? Hakukuwa na kompyuta!" Mimi naona jambo jingine. Naona kwamba Joginder alipolipata lile Volvo, lilikuwa lake lote, kuanzia bampa hadi bampa. Hakuna bolti iliyomuuliza ana kibali gani. Hakuna kifaa alichokifunga kikakataa kufanya kazi mpaka kiwanda cha Sweden kikitambue. Hiyo ndiyo siri.

Kompyuta imetutendea nini?

Mwaka 1979 BMW 732i ilitoka na mfumo wa Bosch unaoitwa Motronic, ambamo kompyuta moja ilisimamia mafuta na cheche kwa pamoja. Kazi yake ukiielewa haitishi. Sensa zinapima hewa inayoingia, joto la injini, mahali krankshafti ilipofika, na oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Kompyuta inaangalia majedwali yaliyo kwenye kumbukumbu yake, inaamua mlango wa mafuta ufunguke kwa milisekunde ngapi na plagi itoe cheche lini. Kisha inarudia, mara nyingi kila sekunde.

Faida yake iko hapahapa kwetu. Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu yake, na huko hewa ni nyepesi. Kabureta iliyorekebishwa Mombasa ikifika Nairobi inaendelea kumwaga mafuta yaleyale kwenye hewa iliyopungua, na matokeo yake ni moshi mweusi, nguvu kupungua na pesa kuteketea. Gari lenye kompyuta linapanda kutoka Mtito Andei hadi Emali likijirekebisha lenyewe bila dereva kujua. Nani anataka kurudi nyuma?

Kuna zaidi. Tangu 1996 magari yote mapya madogo yanayouzwa Marekani yanalazimishwa na sheria kuwa na soketi ya OBD-II chini ya dashibodi. Fundi anachomeka kifaa kidogo, anakiunganisha na simu yake, na gari linamwambia linaumwa wapi. Akiona P0301 anajua silinda ya kwanza haiwaki sawasawa. Zamani angebahatisha, akibadilisha plagi leo, waya kesho, na mteja akilipia kila kubahatisha. Kwa hiyo kompyuta inapoachwa wazi inamsaidia fundi, haimpokonyi kazi.

Kisha likaja kufuli

Wenye magari yaliyotoka Japani wanaijua hii. Kwa miaka mingi redio za Japani zilitengenezwa kushika FM kuanzia 76 hadi 90 MHz, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, kuelekea 108. Hicho ni kikwazo halali: redio ilijengwa kwa nchi nyingine. Na dawa yake ni rahisi, kijisanduku kidogo kinachofungwa kwenye waya wa eriali na kushusha masafa. Fundi yeyote wa umeme wa gari anakifunga kwa dakika chache.

Sasa linganisha na hii. Unabadilisha betri. Unawasha gari, redio ileile inakuandikia kwa Kijapani kwamba imejifunga, inataka namba ya siri. Namba hiyo aliikabidhiwa mwenye gari wa kwanza, huko Nagoya au Osaka, na wewe humjui. Redio ni nzima. Spika ni nzima. Umelipia zote mbili, ushuru juu yake. Kinachokosekana ni tarakimu chache tu! Mjini kuna vijana wanaokula kutokana na kufungua redio hizo, nami nawapongeza, lakini jiulizeni kwa nini kazi hiyo iwepo.

Redio ni mchezo. Angalia inakoelekea:

Mwaka 2017 kimbunga Irma kilipokuwa kinaelekea Florida, Tesla ilituma amri kwa njia ya mtandao na baadhi ya magari yakaongezewa masafa ya kusafiri ili wenyewe waweze kukimbia. Watu walishukuru, na ni haki yao. Lakini maana yake ni kwamba betri kubwa ilikuwa ndani ya gari muda wote. Wenye gari walikuwa wakibeba uzito wake kila siku huku programu ikiwakataza kuitumia. Kimbunga kilipopita, zikafungwa tena.

Mwaka 2022 BMW katika nchi kadhaa ilitaka mwenye gari alipe takriban dola 18 kwa mwezi ili kuwasha kipasha joto cha viti ambacho kilikuwa kimeshafungwa kwenye viti vyake. Kelele zilikuwa nyingi, na mwaka 2023 ikaacha.

Kampuni ya matrekta ya John Deere iliiambia Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani mwaka 2015 kwamba kuhusu programu iliyo ndani, mwenye trekta anapata tu leseni ya kuliendesha kwa maisha ya mashine hiyo. Hebu soma tena. Mkulima amenunua chuma. Akili ya chuma amekodishwa. Ofisi hiyo haikukubali, na mwaka huohuo ikaruhusu wenye magari na matrekta kuchokoa programu zao kwa ajili ya matengenezo. Hata hivyo ugomvi haukuisha, na Januari 2025 serikali ya Marekani ikaishtaki kampuni hiyo kuhusu namna inavyobana matengenezo.

Na mwaka 2024 Fisker, iliyokuwa ikitengeneza magari ya umeme, ilifilisika. Walionunua walibaki na magari mapya ambayo programu zake hazina mwenyewe. Ikabidi waunde chama chao na kuanza kuchambua programu ya magari yao wenyewe ili yaendelee kutembea. Peugeot 404 haijali kama kiwanda kilichoizaa kipo au hakipo.

Hapa Kenya tunazijua simu za mkopo: usipolipa, inafungwa. Sawa, ni mkopo, ulikubali. Lakini ukishamaliza kulipa wanafungua. Hawa wa magari wanataka ufungiwe hata baada ya kumaliza kulipa. Wahenga walishasema, cha kuazima hakistiri matako.

Utetezi wao

Najua watakavyojibu, kwa sababu ni majibu tunayoyasikia kila siku katika fani yetu.

La kwanza: usalama. Eti programu ikiwa wazi wahalifu wataliteka gari likiwa barabarani. Mwaka 2015 Charlie Miller na Chris Valasek walionyesha kwamba wanaweza kuiingilia Jeep Cherokee kwa mtandao wa simu, wakiwa mbali, na kuikata giaboksi isisukume gari ikiwa kwenye barabara kuu. Magari milioni 1.4 yakaitwa yarekebishwe. Programu ile ilikuwa imefungwa! Kufuli halikuwazuia. Waliogundua hatari hiyo na kuitangaza walikuwa watu wa nje wenye udadisi, wale wale ambao makampuni yangependa wafungiwe nje. Kuficha ubovu si kuuondoa.

La pili: mazingira. Eti fundi wa kando ya barabara atachezea programu na gari litatoa moshi mchafu. Fundi wa Grogan kweli anaweza kuharibu gari moja, au kumi. Mwaka 2015 iligundulika kwamba Volkswagen iliweka programu ya udanganyifu katika magari ya dizeli yapatayo milioni 11 duniani. Programu ilitambua gari linapopimwa na kuusafisha moshi wakati huo tu. Barabarani baadhi yalitoa oksidi za nitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Waliofanya hivyo hawakuwa mafundi wa jua kali. Na ilichukua watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia kufunga vipimo kwenye magari yenyewe na kuyaendesha barabarani ili jambo lianze kujulikana, kwa sababu msimbo wenyewe hakuna mtu wa nje aliyeruhusiwa kuusoma.

La tatu: ni mali yetu, tumetumia jasho kuiandika. Hili nalielewa, nami naishi kwa jasho hilo. Sitaki mtu achukue kazi yangu akauze kama yake. Lakini kumruhusu mwenye gari asome makosa ya injini yake, au aisajili sensa aliyoinunua kihalali, si kumpa haki ya kufungua kiwanda.

Sisi yatatufikia lini?

Wengine watasema haya ni mambo ya Wazungu wenye viti vya kupasha joto. Hapana. Sheria yetu inaruhusu kuingiza gari la mtumba lisilozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba kufuli linalotiwa leo kiwandani litashuka bandarini Mombasa baada ya miaka saba au minane. Tayari linasafiri. Wakati huo wakala rasmi atakuwa mmoja mjini, na fundi wako wa Nakuru au Kisii, mwenye ujuzi wote, atashindwa kubadilisha kifaa cha breki kwa sababu kompyuta ya gari inasubiri ruhusa ya seva iliyo Ulaya.

Makosa ya nani? Yetu, kama tutanyamaza. Wananchi wa jimbo la Massachusetts walipata sheria ya haki ya kutengeneza magari mwaka 2012, na mwaka 2020 wakapiga kura kuipanua. Karibu watatu kati ya kila wanne walisema ndiyo. Sisi tuna msingi mzuri zaidi ya wao. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa aliyoinunua. Namba ya kufungulia redio ni habari. Maana ya msimbo wa kosa ni habari. Utaratibu wa kuisajili sensa mpya ni habari.

Kwa hiyo mimi nadai mambo manne:

1. Gari lolote linalouzwa au kuingizwa nchini lisomeke makosa yake yote kwa kifaa cha kawaida, si yale ya injini tu.
2. Programu ya kusajili spea iuzwe kwa gereji yoyote kwa bei ileile anayolipa wakala.
3. Kifaa kilicho ndani ya gari nililolimaliza kulipa kisifungwe ili nilipie tena.
4. Kampuni ikifa au ikiacha kuihudumia modeli, funguo za programu yake ziachiliwe kwa umma.

Na wenzangu tunaoandika programu, sisi tusijifanye hatumo. Kila kufuli la aina hii liliandikwa na mtu kama wewe na mimi, akiwa na kikombe cha chai pembeni, akiambiwa ni mahitaji ya mteja. Siku ukiambiwa uandike mstari unaomzuia mtu kutumia kitu chake, uliza mteja hapo ni nani.

Wale wanaosema heri enzi za kabureta, karibuni hapo chini tubishane. Ila mje na gari la kabureta lililotoka Mombasa hadi Nairobi bila kutoa moshi.