Wembe wa baba na kidevu cha mwana

Mjomba alipokuja likizo kutoka Marekani alimletea baba zawadi iliyomfurahisha kama mtoto: wembe wa kukunja wa zamani, mkanda wa ngozi, na kijiwe cha kunolea ndani ya kiboksi kilichochakaa. Sasa kila Jumamosi anaketi barazani na kioo na povu la sabuni, na nyumba nzima inatakiwa inyamaze.

Vijiwe hivyo walitengenezewa vinyozi, na vilivuma mwanzoni mwa karne iliyopita. Kimojawapo maarufu kiliitwa Swaty, cha kiwanda cha Maribor, mji ambao leo uko Slovenia. Si jiwe la kuchimbwa, ni chembechembe ngumu zilizogandishwa pamoja kiwandani. Hakikusudiwi kufufua wembe uliokufa kabisa. Ni cha kuurekebisha kidogo ule ulioanza kuvuta ndevu.

Nimemtazama baba. Anakilowesha kwa povu, analaza wembe bapa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, anausukuma makali yakitangulia, kisha anaugeuza na kurudi. Mara tatu hadi tano tu, bila kukandamiza. Halafu anaupitisha kwenye mkanda, safari hii mgongo ukitangulia, la sivyo ataukata mkanda wenyewe. (Mama alishauri aunoe kwenye ngazi ya saruji kama kisu cha jikoni. Hakujibiwa.)

Kwa upande wa ngozi sina ugomvi naye. Wembe butu humfanya mtu akandamize na kurudia palepale, na hapo ndipo michubuko huanza. Nywele zetu za kipilipili nazo, zikikatwa chini mno, hujikunja na kuingia tena ndani ya ngozi, ukaona vipele shingoni.

Ugomvi ulianza siku nilipomkuta mdogo wangu wa miaka 17 ananyoa kwa wembe uleule, dakika chache baada ya baba.

“Si umenolewa sasa hivi, dada?”

Baba akamtetea: “Damu yetu ni moja.”

Kunoa hakuui virusi. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, hata kwenye alama ya damu ambayo jicho halioni. Mwenye navyo anaweza kuishi miaka mingi bila kujua. Homa ya ini C na VVU pia hupita kwenye damu.

Nilipomwambia baba hivyo, alisema ataupangusa wembe kwa spiriti. Sawa, lakini mkanda je? Ngozi huwezi kuichemsha wala kuiloweka kwenye dawa, na jiwe lina vitundu vinavyobaki na uchafu. Wembe uliopanguswa ukirudi pale unakutana na yaleyale. Kwa hiyo seti nzima, wembe, jiwe na mkanda, ni ya mtu mmoja. Ndiyo maana vinyozi wengi wamehamia kwenye wembe wa kubadilisha. Ukimpeleka mtoto kunyolewa, mwombe kinyozi afungue mpya mbele yako. Usione haya.

Kadi ya kliniki ya mdogo wangu, ambayo mama aliihifadhi na vyeti vya ndoa, ilionyesha alichanjwa homa ya ini B utotoni, ndani ya ile chanjo ya pamoja ya wiki ya 6, 10 na 14. Baba hakuwahi kuipata, kama watu wazima wengi. Alikwenda kupima akilalamika njia nzima. Hana maambukizi, akachomwa dozi ya kwanza kati ya tatu.

Mdogo wangu amenunuliwa wembe wake wa plastiki. Anasema hauna heshima. Dozi ya pili ya baba ni mwezi ujao, na tayari ameanza kusema siku hiyo ana kikao.